Chanja za ghorofa kwa jiko la kauri: ipi inafaa nyumba yako?

Wavu wa jiko la kauri la saizi ambayo familia nyingi hununua una kipenyo cha sentimita 46 hivi. Laza juu yake kuku wawili waliopasuliwa mgongo, na nafasi imekwisha. Sisi hapa Texas, Jumamosi ya mwisho wa mwezi hukusanyika watu ishirini na ushee: majirani wa Kitanzania na Kikenya, mashemeji, watoto wao. Kuna mbavu za mbuzi kutoka kwa mchinjaji wa halali, kuku wanne, mishikaki ya watoto na ndizi. Nilichoma kwa zamu kwa muda mrefu, na kila mara ilikuwa vilevile: waliokula mwanzo wanachokonoa meno, waliobaki wanaangalia moshi. Ndipo nikaanza kutafuta chanja ya kuongeza ghorofa ndani ya jiko.

Tangu hapo nimenunua tatu, nimeunda moja kwa mkono, na moja nimeizoea kwa rafiki yangu ambaye jiko lake ni la kampuni nyingine. Wengi wananiuliza ninunue ipi, na swali la kwanza huwa moja: ina ngazi ngapi? Mimi naona swali hilo linampoteza mnunuzi. Uliza chakula chako kitakaa umbali gani kutoka kwenye makaa, na umbali gani kutoka kwenye kifuniko. Ukishajua hilo, idadi ya ngazi itajichagua yenyewe.

Anayejua chanja ya kukaushia samaki juu ya moto hahitaji maelezo marefu. Samaki wa chini anapigwa na moto, wa juu anapata moshi na joto la upole. Jiko la kauri linaongeza jambo moja tu, nalo ni kifuniko. Kauri ni nene, inashika joto na kulirudisha chini, kama udongo ulio ndani ya jiko la mkaa la Kenya unavyobana joto lisitoroke pembeni. Hewa inaingia kwa tundu la chini, inapita kwenye mkaa, inazunguka chini ya kuba la kifuniko na kutokea juu. Kwa hiyo nyama ina majirani wawili wenye joto: makaa chini, kuba juu. Ukiiweka karibu na makaa, itaungua upande mmoja kabla ya kuiva ndani. Ukiipandisha karibu na kuba, itabadilika rangi juu bila kugeuzwa.

Umbo lake nalo lina historia. Kamado ni neno la Kijapani la jiko la kupikia, na majiko haya ya kuba yana asili ya majiko ya udongo ya kupikia wali. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliyapenda wakayabeba kwao. Mwaka 1974 Ed Fisher alianzisha Big Green Egg mjini Atlanta, na baadaye zikaja kampuni nyingine, Kamado Joe ikiwemo. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya chungu kimoja cha wali kilikuwa na kina kirefu na mdomo wa mviringo, hakikutengenezewa rafu. Ndiyo maana leo tunahangaika kutafuta vyuma vya kupanga ghorofa ndani yake.

Kuinua wavu mmoja tu

Naanza na hiki kwa sababu ndicho kinachosahaulika, na kwangu ndicho kilicholeta mabadiliko makubwa kuliko vyote. Katika jiko la kawaida wavu hukaa juu ya pete ya kauri ya moto, chini kidogo ya mahali kifuniko kinapokutana na mwili wa jiko. Upandishe wavu huo hadi usawa wa mdomo, palipo na gasketi (ule ukanda wa kuziba hewa), au juu yake kidogo. Sasa kuku yuko mbali na makaa kiasi kwamba mafuta yanayodondoka hayarushi ndimi za moto hadi kwenye ngozi, na yuko karibu na kuba kiasi kwamba ngozi inakauka na kuwa nyekundu. Kwenye nyuzi 200 za Selsiasi, kuku wa kilo moja na nusu aliyelazwa bapa anaiva kwa muda wa kama saa moja, ngozi ikiangalia juu, bila kugeuzwa hata mara moja.

Kuna vyuma vya kununua vya kazi hii: pete yenye miguu inayokaa juu ya pete ya moto na kupokea wavu kwa juu. Lakini unaweza kuunda. Chukua wavu wa pili mdogo, wenye kipenyo cha sentimita 33 hivi, bolti nne ndefu, nati nane na washa nane. Bolti zinakuwa miguu, nati mbili zinabana wavu juu na chini, na unausimamisha juu ya wavu mkubwa. Kwa hesabu ya duara, wavu wa sentimita 33 unakuongezea nusu ya eneo la ule wa 46. Hiyo ni nafasi ya kuku mmoja, kwa gharama ya vyuma vya dukani vya kawaida na dakika kumi za spana.

Sharti langu ni moja: bolti ziwe za chuma cha pua kisichoshika kutu. Usitumie zilizopakwa zinki, zile za kung'aa kijivu ambazo fundi wa mabati anazo mfukoni. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na bolti iliyo juu ya makaa mekundu si mbali na hapo. Sitaki rangi ya bati iwe jirani wa chakula cha wanangu.

Kasoro ya chanja ya bolti ni kwamba imesimama juu ya wavu wa chini. Kila unapotaka kugusa nyama ya chini lazima uinyanyue yote, na iko moto. Kwa watu watano au sita inatosha kabisa. Kwa ishirini, mikono inachoka.

Nusu mwezi za Kamado Joe

Mfumo wao unaitwa Divide & Conquer, na unakuja pamoja na jiko. Classic II ina ngazi mbili, Classic III ina tatu. Wavu mzima umekatwa katikati kuwa nusu mwezi mbili, na fremu ya ndani inakuruhusu kuweka kila nusu kwenye kimo chake. Vigae vya kukinga moto, yale mabamba ya kauri yanayokaa kati ya makaa na nyama, navyo vimekatwa nusu. Hapo ndipo uzuri ulipo: unaweza kuacha upande mmoja makaa yakiwa wazi, na upande wa pili ukaukinga.

Kwa mtu wa nyama choma hili ni jambo kubwa. Mbavu za mbuzi zinakaa upande uliokingwa zikiiva polepole kwa mvuke wao wenyewe, mishikaki inakaa upande wa wazi, chini, karibu na makaa, inageuzwa kila dakika mbili. Mbavu zikilainika unazihamishia upande wa moto kwa dakika chache zipate ukoko. Hakuna kuinua chuma, hakuna kusubiri moto ubadilike. Rafiki yangu anachoma hivi, na sijaona mpangilio mwingine wowote unaomfaa mtu anayesimama jikoni na kuzungumza na wageni huku anageuza.

Lakini hebu tuwe waangalifu na neno ngazi. Nusu mwezi mbili kwenye vimo viwili tofauti bado zina eneo la mviringo uleule. Umegawa nafasi, hujaongeza. Ukiongezea ile ngazi ya juu kabisa ndipo eneo linakua, na nayo ukiiweka moja kwa moja juu ya nyingine unarudi kwenye tatizo la bolti: ya chini hufikii vizuri. Anayenunua kwa kudhani ngazi tatu ni nafasi mara tatu atasikitika.

Kama jiko lako si la Kamado Joe, usilazimishe. Majiko mawili yanayoitwa ya inchi 18, yaani sentimita 46 hivi, hayalingani vipimo vya ndani.

EGGspander kwa wenye Big Green Egg

Hii ndiyo niliyonunua kwanza kati ya ninazozitaja kwa jina, seti ya vipande vitano: kikapu cha kushika kigae cha kukinga moto, chanja ya vipande viwili, na nyavu mbili za nusu mwezi. Kikapu peke yake kimenifaa kuliko nilivyotegemea. Zamani kuingiza kigae cha miguu mitatu ndani ya jiko lililokwisha kuwaka kulihitaji glavu nene na ujasiri. Sasa nakishusha kwa mikono ya kikapu na kukitoa vivyo hivyo.

Chanja yenyewe ina ngazi ya chini na ngazi ya juu inayoteleza. Unavuta ile ya juu pembeni, unaona cha chini, unairudisha. Hilo la kuteleza ndilo linaloitenga na chanja yangu ya bolti. Natoa mapaja ya kuku ya juu, naangalia mbavu za chini, narudisha, na kifuniko hakijakaa wazi kiasi cha makaa kulipuka kwa hewa nyingi.

Inapopungukiwa ni kwenye moto wa wazi na uliokingwa kwa pamoja. Kigae kizima kinafunika kote. Kuna jiwe la nusu mwezi linalouzwa kando kwa ajili ya kikapu, na kama unachoma zaidi ya unavyooka, hesabu bei yake tangu mwanzo, usijidanganye kwamba seti imekamilika.

Fremu ya kurekebishwa

Duka moja la Marekani, Ceramic Grill Store, linauza fremu linayoiita Adjustable Rig. Ni kama kizimba cha nondo nyembamba za chuma cha pua, kinachokaa ndani ya jiko na kina vimo kadhaa vya kupachika wavu. Katikati unapitisha vyuma vya kukingama vinavyobeba jiwe (bamba la kauri) au sinia la kupokea mafuta kwenye kimo unachotaka wewe.

Nguvu yake ni kwamba inakuachia uamuzi. Leo jiwe chini kabisa na nyavu mbili juu yake kwa ajili ya mbavu. Kesho jiwe juu, karibu na kuba, kwa mkate wa unga wa ngano. Keshokutwa wavu mmoja tu uliopandishwa kwa kuku. Na unaweza kunyanyua fremu nzima na vyakula vyake ukaiweka mezani, ukaongeza mkaa, ukairudisha. Kwa mtu anayepika kwa saa nane usiku kucha, hilo peke yake ni sababu ya kununua.

Udhaifu wake ni uleule: uamuzi ni wako. Vipande ni vingi, na mwanzoni unajikuta umesimama na chuma mkononi hujui kinakaa wapi. Mke wangu hakuipenda hata kidogo. Yeye anataka jiko awashe, aweke, afunike. Naona ana haki, na ndiyo maana nyumba yenye wapishi wawili inapaswa kuulizana kabla ya kuagiza.

Mlo mmoja, chanja tatu

Tuweke mlo wetu wa Jumamosi kwenye kila moja: kuku wanne waliokatwa vipande, mbavu za mbuzi, mishikaki ishirini.

Kwenye nusu mwezi, mbavu zinaanza mapema upande uliokingwa, mishikaki inafuata upande wa wazi wageni wakifika, na kuku wanaingia kwa awamu mbili. Kila kitu kinatoka na harufu nzuri ya makaa, lakini kuku wa awamu ya pili wanachelewa.

Kwenye EGGspander, mbavu na kuku wote wanaingia pamoja, ngazi mbili zimejaa. Wanaiva kwa wakati unaokaribiana. Kisha natoa chanja, natoa kikapu, nafungua hewa, na mishikaki inachomwa mwisho kwenye makaa ya wazi. Wageni wanakula kwa pamoja, na mishikaki inakuja ya moto. Hii ndiyo inayotufaa sisi.

Kwenye fremu ya kurekebishwa napata nafasi karibu ileile, na nikipata muda wa kuipanga vizuri ngozi ya kuku inakuwa bora zaidi, kwa kuwa naweza kuipeleka juu hadi karibu na kuba. Lakini kubadilisha kwenda kwenye moto wa wazi kwa ajili ya mishikaki, watu wakiwa wamekaa wanasubiri, ni kazi ya vipande vingi vya moto.

Nani akae juu

Hapa naomba usiruke. Kilicho juu kinadondokea kilicho chini. Mafuta ya mbuzi yakidondokea ndizi ni baraka. Maji ya kuku mbichi yakidondokea mishikaki ambayo unataka kuitoa baada ya dakika kumi ni hatari ya kweli. Kuku anahitaji kufika nyuzi 74 ndani ndipo awe salama, na maji yake yaliyodondoka yanahitaji kuiva vilevile. Basi kuku akae chini, au ngazi nzima ya chini iwe kitu kitakachobaki motoni muda mrefu kuliko kuku.

Kuna kishawishi cha kufanya kinyume, kwa sababu juu ndiko ngozi inakopata rangi. Ukiwa na kigae cha kukinga, hewa ya moto inapanda kwa pembeni na kukusanyika chini ya kuba, kwa hiyo ngazi ya juu ina joto zaidi. Ukiwa na makaa ya wazi inageuka: chini ndiko kukali. Mimi hubadilisha nafasi katikati ya safari, kuku wakishaiva nusu na kuacha kutoa maji nawapandisha juu, nikiwa na kipimajoto mkononi.

Chuma chenyewe

Chanja ya kwanza kabisa niliyonunua, kabla ya zote hizi, ilikuwa ya bei poa, ya ngazi tatu, isiyo na jina nitakalolitaja. Ilikuja inameremeta. Baada ya miezi michache ule mng'ao ulianza kubanduka vipande kama ngozi ya kitunguu, na ngazi ya kati ikabonyea kwa uzito wa mbavu. Niliitupa.

Chunguza mambo matatu. Kwanza unene wa nondo: shika katikati ya ngazi, bonyeza kwa kidole gumba, ikicheza usiinunue. Pili, chuma kiwe cha pua kote, kisiwe chuma cha kawaida kilichopakwa. Watu hubeba sumaku ndogo dukani. Chuma cha pua cha daraja la 304 kwa kawaida hakivutwi au kinavutwa kwa unyonge, cha 430 kinavutwa. Cha 430 si kibovu, ila kinapata kutu upesi zaidi, na kama unaishi karibu na bahari, iwe Galveston au Kigamboni, utaona tofauti.

Tatu, na hili wauzaji hawalisemi: chuma hutanuka kuliko kauri. Pete ya chuma cha pua ya sentimita 46 ikipanda nyuzi 250 inaongezeka kipenyo kwa milimita mbili. Ikiwa iliingia kwa kubana jikoni likiwa baridi, ikipata moto itasukuma kauri, na kauri haina huruma, hupasuka. Chanja nzuri inacheza kidogo ikiwa baridi. Usione ni kasoro.

Ukubwa wa jiko

Kwa jiko dogo la inchi 13, sahau ghorofa. Inua wavu basi. Kwa la inchi 24, jaza kwanza wavu mmoja uone kama kweli hauwatoshi watu wako. Wengi hawafiki hapo. Ghorofa ina maana hasa kwenye lile la katikati, la inchi 18.

Pima mahali patatu kabla ya kuagiza: upana wa ndani juu ya pete ya moto, upana wa ndani kwenye mdomo, na kimo kutoka mdomo hadi kilele cha kuba. Acha sentimita mbili au tatu za hewa kuzunguka jiwe au sinia lolote, la sivyo moto utakosa pumzi na moshi utakuwa mchungu.

Basi kama ni mimi nakushauri: mwenye Kamado Joe atumie alichonacho, asinunue kingine mpaka mwaka upite. Mwenye Big Green Egg na wageni wengi achukue EGGspander pamoja na jiwe la nusu. Anayepika usiku kucha na kupenda kujaribu achukue fremu ya kurekebishwa. Anayeanza, au mwenye jiko la kampuni ndogo isiyo na vifaa vyake, aanze na bolti nne.

Na siku chanja ikifika, kabla ya mkaa, ipange ndani jiko likiwa baridi. Weka juu ya ngazi ya mwisho kuku wa karatasi, yaani karatasi ya alumini uliyoikunja mpaka iwe na kimo cha kuku wako, kisha funga kifuniko taratibu. Fungua uangalie. Ikiwa karatasi imebonyea, kuku wa kweli atagusa kuba na ngozi itabaki kwenye kauri. Shusha ngazi moja, ujaribu tena.